Ajali ikiua mtu Kenya: makaratasi, bima na haki ya waliobaki

Msiba ukiingia, familia huambiwa izike kwanza, mengine yatafuata. Lakini kesi nyingi za fidia huharibika katika siku hizo hizo za matanga, kabla wakili hajaonekana. Ndiyo maana nasisitiza: ndugu mmoja aondolewe shughuli za mazishi, kazi yake iwe makaratasi tu.

Aanzie kituo cha polisi kilichoandikisha ajali. Achukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), namba za magari yote yaliyohusika, jina la kampuni ya bima na namba ya cheti cha bima. Abstrakti ya polisi, yaani hati ya muhtasari wa ajali, ikitoka, aisome mstari kwa mstari akiwa bado mbele ya afisa, kwa sababu herufi moja ya namba ya gari ikikosewa, bima itakana kwamba gari hilo ni lake. Mwili usizikwe bila uchunguzi wa maiti. Hili ni muhimu zaidi pale majeruhi alipolazwa wiki kadhaa kabla ya kufariki, maana upande wa pili utasema aliuawa na ugonjwa mwingine, na ripoti ya daktari ndiyo inayounganisha kifo na ajali. Risiti za mochari, jeneza na usafiri wa maiti zihifadhiwe. Kisha aombe rekodi za umiliki wa gari kutoka NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari. Magari mengi huuzwa bila kubadilishwa jina, kwa hiyo ni salama kumshtaki mwenye jina kwenye rekodi, aliyekuwa akilimiliki siku hiyo, na dereva, wote pamoja.

Madai husimama juu ya sheria mbili. Sheria ya Ajali Zinazosababisha Vifo, Sura ya 32, huwalipa waliokuwa wakimtegemea marehemu: mume au mke, watoto na wajukuu, wazazi, babu na bibi. Kaka na dada hawamo, hata kama marehemu ndiye aliyewalipia karo. Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, hudai kwa niaba ya mirathi yake: maumivu aliyopata kabla ya kufa, na kufupishiwa maisha, ambapo mahakama kwa kawaida hutoa takriban shilingi 100,000.

Hapa ndipo wengi huangukia. Madai ya mirathi hayawezi kufunguliwa na mjane kwa sababu tu ni mjane. Anahitaji kwanza hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi yenye mipaka, ile mawakili huiita ad litem, ambayo huombwa kwa cheti cha kifo na barua ya chifu inayoorodhesha warithi. Kesi iliyofunguliwa kabla ya hati hiyo ni batili, na kuileta hati baadaye hakuifufui. Miaka mitatu ikiwa imeshapita, madai yamekufa pamoja nayo.

Muda wenyewe ni miaka 3: kwa madai ya wategemezi tangu kifo, na kwa madai ya mirathi tangu siku ya ajali. Ikiwa gari ni la serikali, ni miezi 12 tu, na familia nyingi huijua tofauti hiyo ikiwa imechelewa.

Fidia kubwa hutokana na utegemezi. Mahakama huchukua mapato ya mwezi baada ya makato ya kisheria, huzidisha kwa 12, kisha kwa idadi ya miaka ambayo marehemu angeendelea kufanya kazi, ikipunguzwa kwa hatari za maisha, kisha kwa sehemu aliyowatumia wategemezi. Mwenye mke na watoto mara nyingi huhesabiwa theluthi mbili. Asiyeoa, theluthi moja kwa wazazi wake. Chukua mapato ya shilingi 30,000 na miaka 15: 30,000 × 12 × 15 × 2/3 ni shilingi 3,600,000. Bila hati ya mshahara, taarifa za M-Pesa, za benki au za sacco husaidia. Zikikosekana, hakimu huweza kutumia kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa na serikali, na mama aliyekuwa na kibanda kinachoingiza zaidi huonekana kama kibarua. Inauma, na huzuilika kwa kukusanya ushahidi mapema.

Sasa bima. Chini ya Sura ya 405, sheria ya bima ya magari kwa watu wa tatu, bima ya lazima humlipa mtu mmoja hadi shilingi milioni 3. Kinachozidi hudaiwa kwa mwenye gari mwenyewe. Bima lazima ipewe notisi ya kesi kwa maandishi. Ipelekwe kabla ya kufungua kesi, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa itunzwe, kwa sababu hukumu ikipatikana na bima ikagoma, itafunguliwa kesi ya pili dhidi ya bima yenyewe, na notisi hiyo ndiyo nguzo yake. Jambo lingine lisilojulikana: sheria haimlazimishi mwenye gari la binafsi kukata bima kwa ajili ya abiria aliyepewa lifti. Abiria wa matatu anayo kinga hiyo.

Dereva akipatikana na hatia katika kesi ya trafiki, hukumu hiyo hutumika kama uthibitisho katika kesi ya fidia. Kwa hiyo familia ifuatilie tarehe zake na iombe nakala ya mwenendo, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani.

Mtu akija matangani na fomu ya kupokea pesa, msitie sahihi. Fomu hiyo humaliza madai yote, na kiasi chake huwa sehemu ndogo tu ya mnachostahili. Jihadharini pia na wakili anayetaka asilimia ya fidia: mkataba wa namna hiyo hauruhusiwi Kenya, ada zinaongozwa na kanuni za malipo ya mawakili. Mwambieni aandike ada yake, na pesa zikilipwa, mdai zionekane kwenye hesabu iliyoandikwa.

Sehemu ya kila mtegemezi hutajwa na mahakama. Ombeni fungu la watoto liwekwe kwenye akaunti yenye riba hadi watimize miaka 18, na ikiwa karo inahitajika kabla ya hapo, mlezi aiombe mahakama iachilie kiasi kinacholingana na barua ya shule.