Mtoto asiyesema huumwa pia: nilivyofanya mpaka madaktari wakaona

Nimechoka kuambiwa "watoto wa hivi hulia tu, mama, zoea." Wameniambia manesi, wameniambia madaktari, na ndugu wanaonipenda wameniambia pia. Mwanangu ana mtindio wa ubongo mzito: hakai, hasemi, hashiki kitu, na kifafa juu yake. Watoto kama yeye hupata maumivu mara nyingi kuliko wenzao. Hata chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, kilipopitia upya maana ya maumivu mwaka 2020, kiliandika wazi kuwa mtu kushindwa kujieleza hakuondoi uwezekano wa kwamba anaumwa. Kwa hiyo sizoei.

Ugumu ni kwamba wangu akiumwa halii, ananyamaza. Uso unafunga, anabana pumzi, kijasho kinatoka juu ya mdomo, na vidole vya mguu wa kushoto vinakunjamana kuelekea unyayoni kama anataka kushika kitu. Siku nyingine anacheka, kicheko kikavu ambacho macho hayashiriki. Mtu asiyemjua atasema leo ana furaha.

Daktari wa kwanza aliona kukakamaa kule akasema ni kifafa, akapandisha dozi. Mtoto akawa wa kulala mchana kutwa, mate yanamtoka, kumeza kwa shida. Lakini hata usingizini, nikimgeuza tu, vile vidole vinakunjamana. Tukarudi, dozi ikapanda tena. Hapo ndipo nilipokataa, kwa sababu degedege lake nalijua: linakuja linapotaka, haliangalii nafanya nini. Hili la sasa lilinisubiri nifungue nepi. Nikitanua miguu, linakuja. Nikiiacha, linaondoka. Nilimweleza hivyo, naye akaniangalia kwa huruma tu.

Basi nikaamua kumpelekea kitu asichoweza kukipuuza. Nilimrekodi mwanangu kwa simu, kila mara mkeka uleule, pembe ileile, na kabla ya kuanza natamka saa na ninachotaka kufanya: "namvalisha suruali", "namlisha", "hakuna ninachofanya." Na hapa ndipo penye siri, wazazi wenzangu: rekodini pia siku njema. Daktari hajawahi kumwona mtoto wako akiwa mzima, kwake anafika amechoka na safari na foleni. Ile video ya siku njema, mikono imelegea, anafuata sauti yangu kwa macho, ndiyo iliyowafungua macho kuliko zote za mateso.

Pamoja na video nilijaza karatasi. Kuna orodha ya maumivu kwa watoto wasiowasiliana, kifupi chake NCCPC-R: dalili 30, unamtazama mtoto kwa saa 2, kila dalili unaipa 0 hadi 3, na jumla ikifika 7 kwenda juu inahesabiwa kuwa anaumwa. Imo dalili ya kutulia kupita kawaida, nilipoiona nilitokwa na machozi. Pembeni nikaongeza safu yangu ya "alikuwa anafanywa nini."

Daktari mwingine alisoma ile safu kwanza. Kisha akampima kuanzia kichwani: macho kama yamekwaruzwa, masikio, meno, kiungulia, choo kilichofunga, mkojo, mifupa (ya watoto wasiosimama huwa dhaifu, huweza kuvunjika hata kwa kugeuzwa kwa kawaida), hadi katikati ya vidole kutafuta unywele uliojisokota na kukibana kidole. Akaagiza eksirei ya nyonga. Ya kushoto ilikuwa imetoka nusu. Katika watoto wenye mtindio wa ubongo, karibu theluthi moja nyonga zao husogea kutoka mahali pake, na kwa wale wa kiwango kizito kabisa hufika kama asilimia 90. Kwa takwimu hizo, picha ile ilipaswa kupigwa tangu zamani, na hospitali tuliyokuwa tunakwenda haikuwahi hata kuitaja. Bado inaniuma.

Tukingoja upasuaji, nilikuwa nampa parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake kabla ya mazoezi, kama nusu saa au zaidi, ili mazoezi yaikute imeshaanza kufanya kazi. Mto katikati ya miguu usiku. Nepi nabadilisha kwa kumlaza ubavu, siinui miguu. Dawa ya kulegeza misuli ilisaidia kiasi.

Baada ya upasuaji nesi alichungulia akasema, "Ametulia, mama, haumwi." Nikamwonyesha karatasi niliyoibandika juu ya kitanda. Ni kipimo kingine cha maumivu, kinaitwa r-FLACC: uso, miguu, mwili, kilio na kutulizika, kila kimoja 0 hadi 2, na mzazi anaruhusiwa kuingiza dalili za mtoto wake. Nilikuwa nimeandika: vidole vya kushoto vimekunjamana, 2, amebana pumzi, 2. Tulihesabu pamoja, ikaja 8 kati ya 10. Akaenda kumwita daktari, morfini ikaletwa, na nikaviona vile vidole vikifunguka kimoja kimoja.

Yalikuja maumivu mengine baadaye, ya tumbo, kila akishiba. Dawa ya kiungulia haikufua dafu. Daktari akaeleza kuwa neva za matumbo ya watoto hawa zinaweza kulichukulia tumbo lililojaa tu kama maumivu. Tukapunguza chakula cha mara moja, tukakigawa, akaanzishiwa gabapentini, dawa ya kutuliza maumivu ya neva, dozi ikipanda taratibu. Dawa hiyo msiikatize ghafla. Na msikubali mambo mawili yabadilishwe kwa mpigo, maana hamtajua lipi limesaidia. Nilijaza karatasi kabla na baada ya kila badiliko, na alama zake za jioni zikashuka mpaka usingizi ukarudi nyumbani.

Nakala moja ya ile karatasi ya r-FLACC iko kwenye begi lake la hospitali, nyingine kwa shangazi yake anayebaki naye nikiwa kazini. Juzi alinipigia: "Wifi, vidole vimekunjamana, nimepata 5, nimpe dawa?" Nikamwambia mpe, halafu angalia jana alipata choo saa ngapi.