Siku moja maishani mwangu: daktari wa radiolojia na mfuko wa nyongo usio na vijiwe

Saa 1:30 asubuhi. Naingia kazini, katika hospitali moja ya Dar es Salaam, nasoma picha za vifua zilizopigwa usiku na kuzitolea ripoti.

Saa 3:00. Altrasaundi za tumbo zinaanza. Wagonjwa wengi wamefunga saa 6 hadi 8 kama walivyoelekezwa, ila hawakosekani wawili watatu waliokunywa chai ya maziwa na wanaoapa kwamba chai si chakula. Mtu akishakula, mfuko wake wa nyongo hujikunyata na ukuta wake huonekana mnene hata kama ni mzima, kwa hiyo nawarudisha nyumbani, nao huondoka wakiniona mkorofi.

Saa 4:45. Analetwa mama mmoja, ambaye maelezo yake nimeyabadilisha kidogo kwa makusudi, mwenye maumivu chini ya mbavu za kulia na aliyepungua uzito. Rufaa inasema ana vijiwe vya nyongo. Namwamkia, napaka jeli, natafuta kijiwe sioni hata kimoja. Ninachokiona ni ukuta wenye unene wa sentimita 1.4, ilhali ukuta wa kawaida wa mtu aliyefunga hauzidi milimita 3. Moyo ulioshindwa, homa ya ini, ini lililosinyaa, vyote hunenepesha ukuta huo, lakini kwa mama huyu hakuna kinacholingana. Ukuta ni mweusi karibu kote, na utando wake wa ndani bado unaonekana kama mstari mweupe usiokatika. Naagiza CT, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, pamoja na dawa ya kontrasti inayofanya viungo vionekane vizuri, siku hiyohiyo.

Hapo ndipo saa zinapoanza kuchanganyikana. Mashine imeshikwa na majeruhi wa bodaboda, na mtoto wa yule mama ananifuata kila ninapofungua mlango.

“Daktari, kipimo nimekilipia. Mimi nataka jina la ugonjwa tu.”

“Kijana wangu, picha hazijapigwa bado.”

“Zikipigwa utanitajia?”

“Nitakueleza kinachoonekana, na kisichoweza kuonekana pia.”

“Sasa mashine ya mamilioni yote hayo kazi yake ni nini?”

Anauliza hivyo mbele ya wagonjwa wote waliokaa kwenye benchi, na naona kabisa kwamba benchi zima liko upande wake. Silaumu hofu yake. Kinachonichosha ni imani kwamba mashine huchapa jina la ugonjwa na mimi hutia sahihi.

Mchana umeshapita picha zinapofika kwenye skrini yangu. Saratani ya kawaida ya mfuko wa nyongo mara nyingi huwa na vijiwe, huharibu utando wa ndani, hupenya kwenye ini lililo jirani na kuziba mirija ya nyongo. Hapa ukuta umevimba sana, lakini utando haujachanika, mirija haijatanuka, na mitoki, yaani tezi za limfu, iliyo kando ya aota, mshipa mkuu wa damu, imekua. Nazisoma upya picha hizo mara kadhaa, kwa sababu ninachokifikiria ni limfoma, saratani ya mitoki, iliyojitokeza mahali ambapo kwa kawaida hapana hata tishu za limfu. Ni nadra mno, na daktari anayeiandika kirahisi atakosea mara nyingi kuliko atakavyopatia. Uvimbe sugu wa mfuko wa nyongo, usio saratani, nao huweza kuiga sura hii, ingawa huo hupenda kuacha vijishimo vyeusi ndani ya ukuta, na hapa sivioni. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ingeongeza uzito wa shaka yangu, maana limfoma hujaa seli zilizobanana na maji hayasogei humo kwa urahisi, lakini nayo isingeimaliza.

Naandika uwezekano wa aina zote mbili za saratani, kisha nampigia daktari wa upasuaji, ambaye tayari amemweka mama kwenye orodha ya kuondolewa mfuko pamoja na kipande cha ini. Anataka sentensi moja. Nakataa kumpa. Ikiwa ni limfoma, tiba kuu ni dawa za kemotherapia, na kukatwa ini kutakuwa adhabu ya bure. Tunabishana, tena kwa sauti, mpaka anakubali kusubiri kinyama kutoka kwenye mtoki, kwa sindano nene inayoelekezwa na CT, kwa kuwa seli chache za sindano nyembamba haziwaonyeshi wataalamu wa patholojia jinsi tishu ilivyopangika. Tunaongeza CT ya kifua na kipimo cha VVU, kwa kuwa virusi hivyo huongeza hatari ya limfoma.

Jioni, mama akiwa ameshakubali tuzungumze mbele ya mwanawe, nawaeleza wote wawili. Kijana anauliza kama kuna hospitali yenye mashine bora zaidi. Namwambia iwe bora kiasi gani, itamrudisha kwenye sindano ileile. Hafurahi. Namweleza kwamba kabla ya sindano damu ya mama itapimwa uwezo wake wa kuganda, na kwamba kama anatumia aspirini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu, tuambiwe leo. Anatoa simu, anampigia dada yake nyumbani, na kumwagiza asome majina yote yaliyoandikwa kwenye vichupa vya mama.