Mgomba, kinu na mikono ya bibi

Jumapili, usiku

Vidole vyangu bado vinanuka magadi. Nimerudi jioni hii kutoka kwa bibi, Kibosho, na sitaki kulala kabla sijaandika yaliyotokea.

Huu ni mwaka wa sita nachonga mbao na kupiga chapa, na muda wote huo karatasi kwangu ilikuwa kitu cha dukani: unanunua, unakata, unachapa. Akili yote ilikuwa kwenye patasi na wino. Tangu nianze kutengeneza karatasi ya mgomba mwenyewe, naona picha haianzii kwenye ubao. Inaanzia kihambani, shamba la migomba la nyumbani, siku mkungu unapokatwa.

Mgomba ukishazaa hauzai tena. Shina huangushwa, ng'ombe hula fungu lao, nami naomba maganda ya nje. Karibu asilimia 90 ya shina ni maji, kwa hiyo mzigo ninaoubeba huku nikihema hunipa nyuzi za kujaa viganja viwili tu. Nazichemsha na magadi, yale yale ya kulainishia makande, kwa muda wa saa nne au tano, mpaka uzi ukivutwa unaachia wenyewe. Nasuuza hadi utelezi uishe, halafu ni kinu na mchi. Hapo hakuna mkato, mabega yanajua. Nyuzi za mgomba peke yake hutoa karatasi kavu inayolia ukiishika, ndiyo maana naongeza vipande vya kanga kuukuu za bibi. Kumbukumbu za China zinasema Cai Lun, aliyemwonyesha mfalme karatasi yake mwaka 105, alitumia magome ya miti, matambara na nyavu chakavu. Niliposoma hayo nilitazama beseni langu kwa heshima mpya.

Chapa za mwanzo ziliniliza. Karatasi ilipendeza machoni, lakini nilipoilaza juu ya ubao wenye wino na kuisugua kwa mgongo wa mwiko, ilifyonza wino wote, na nilipoibandua iliacha manyoya kwenye ubao. Wiki mbili niliulaumu wino. Kumbe karatasi haikuwa na wanga. Sasa naipaka uji mwembamba wa muhogo, naianika, kisha usiku wa kuamkia siku ya kuchapa nailaza katikati ya vitambaa vyenye unyevu. Asubuhi inakuwa laini, inaufuata ubao kila mahali, na wino kidogo unatosha.

Lakini kilichoninyima usingizi mwezi huu ni kitu kingine. Badala ya kungoja karatasi ikauke, niliilaza ikiwa bado mbichi kabisa, rojo la nyuzi zilizotwangwa limetoka tu kwenye wavu wa kuchujia, juu ya ubao usio na wino. (Ubao niliupaka vanishi kwanza, wa kabla yake ulikunywa maji ukapinda.) Nikakandamiza kwa sifongo, nikakamua, nikakandamiza tena, nikaiacha siku tatu. Ilipokauka ilianza kujibandua pembeni yenyewe. Kila mfereji niliouchonga ulikuwa tuta. Mistari ile ile ambayo kwenye chapa ya wino hubaki mieupe na bapa, huku imeinuka, unaweza kuifuata ukiwa umefumba macho.

Picha yenyewe ni mikono ya bibi akimenya ndizi. Leo nimempelekea zote mbili. Macho yake yana ukungu siku hizi, kwa hiyo ile ya wino aliishika kidogo, akasema, "Asante, mjukuu wangu," akaiweka kando. Ile nyeupe aliilaza mapajani, akapitisha kidole gumba taratibu.

"Hiki ni kisu?"

"Ndiyo, bibi."

Akaendelea, akafika kwenye kidole cha shahada, akasimama hapo.

"Hiki si changu. Changu kimepinda hapa."

Akanipa mkono wake nikapapasa lile fundo. Kidole kilivunjwa na kamba ya ng'ombe akiwa msichana. Nimeuangalia mkono ule maisha yangu yote, nimeuchora, nimeuchonga, na fundo lile sikuwahi kuliona.

Mfereji ukishachongwa haurudi, kwa hiyo kesho naanza ubao mpya. Bibi amesema mkungu ulio nyuma ya zizi utakatwa Alhamisi, na shina lake ameniwekea mimi.