Springi za Nyuma za Hilux Yangu: Mabapa Mawili Yaliyozaa Kasoro Nne

Hilux yangu ni ya mwaka 1991, ina injini ya dizeli ya 3L yenye lita 2.8, ekseli ngumu mbele na nyuma, na springi za bapa (vyuma bapa vilivyokunjwa na kupangwa kimoja juu ya kingine) kwenye magurudumu yote manne. Niliinunua hapa Morogoro ikiwa imeshapita mikononi mwa mafundi wengi. Aliyenitangulia alikuwa ameongeza mabapa mawili mazito kila upande wa nyuma, ameondoa shakeli za asili (vyuma vinavyounganisha ncha ya springi na fremu ya gari) na kuweka ndefu ili kuinua kiuno cha gari, kisha akavisha matairi makubwa kidogo. Kwa miezi kadhaa niliridhika nayo kabisa, kwa sababu ilishuka na kabichi kutoka Mgeta bila kuinama nyuma hata kidogo, na mimi nilidhani kwamba gari lisiloinama ndilo gari lenye afya.

Kasoro zilikuja moja baada ya nyingine, na kwa kuwa hazikuja pamoja sikuzihusisha. Kwanza gari lilianza kulala upande wa dereva. Baadaye jirani aliyekuwa akinifuata kwa pikipiki aliniambia kwamba gari langu linakwenda mshazari, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Kisha ukaja mtetemo chini ya sakafu kila nilipokanyaga mafuta kuondoka. Mwisho, na hilo ndilo lililonitia hofu ya kweli, nikiwa na mzigo kwenye mteremko niligundua kwamba breki za mbele ndizo zinazofanya karibu kazi yote, huku za nyuma zikiwa kama hazipo.

Nilipita gereji mbili. Ya kwanza walitaka kuniwekea kipande cha chuma juu ya ekseli ya kulia ili gari lisimame sawa. Ya pili walinibadilishia krosi (viungo) za propela shafti, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli ya nyuma, na mtetemo ukabaki vilevile. Hatimaye nilielekezwa kwa mzee mmoja ambaye kazi yake tangu ujana ni springi tu. Nilipoanza kumweleza ninachodhani, alinikatiza kwa upole: "Mwanangu, bado hujapima. Lete futi kamba kwanza, maneno baadaye." Nilimjibu, "Sawa, mzee wangu," na tangu hapo sikufungua nati yoyote mpaka tulipomaliza kupima.

Upimaji wenyewe hauhitaji vifaa vya gharama, lakini unahitaji sakafu iliyonyooka, matairi yenye upepo sawa na gari lisilo na mzigo. Tulipima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi chini ya chesisi (fremu ya gari), wala si hadi kwenye ukingo wa bodi, kwa sababu bodi la gari la zamani huweza kukaa upande lenyewe. Upande wa kulia ulikuwa chini kwa milimita 32. Hata hivyo kulala kwa nyuma kunaweza kusababishwa na springi ya mbele iliyochoka, kwa hiyo mzee aliweka jeki katikati kabisa ya mhimili wa nyuma wa chesisi, akainua mpaka springi za nyuma zikaachia uzito. Gari likiwa limekaa hivyo, springi za mbele pekee ndizo zinazoamua lisimameje. Lilisimama sawa, na hapo tukajua kwamba ugonjwa uko nyuma.

Tulilishusha tena, tukapima umbali kati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele na habu ya nyuma kwa kila upande. Kulia kulikuwa kurefu kuliko kushoto kwa milimita 11. Ili kujiridhisha kwamba si ekseli ya mbele iliyohama, tulipima pia kutoka kwenye bolti ya jicho (tundu la ncha) la mbele la springi ya nyuma hadi kwenye bomba la ekseli, na tofauti ikawa ileile. Ekseli ya nyuma ilikuwa imerudi nyuma upande mmoja. Hiyo ndiyo maana ya gari kwenda mshazari.

Tuliweka stendi chini ya chesisi, tukategemeza ekseli, ndipo tukafungua. Nati za yubolti (bolti zenye umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) za kulia zilitoka kwa spana ya kawaida bila mtu kutumia nguvu, jambo ambalo halipaswi kutokea. Niliposhika yubolti mkononi ndipo nilipoona sababu: nati ilikuwa imeshika nyuzi tatu tu za mwisho. Yubolti zilikuwa za asili, zilizotengenezwa kwa fungu jembamba la mabapa, na mtu alipoongeza mabapa mawili hakubadilisha yubolti. Watu wengi hudhani kwamba senta bolti, ile inayopita katikati ya mabapa, ndiyo inayoshikilia ekseli mahali pake. Sivyo. Kazi yake ni kuyapanga mabapa, na kichwa chake hukaa kwenye tundu la kikalio cha ekseli ili kuonyesha mahali. Kinachoshikilia ni mbano wa yubolti. Mbano ukilegea, nguvu yote ya kuondoka na kufunga breki huangukia bolti moja nyembamba. Yetu ilikuwa imekatika kichwa, na kwenye kikalio kulikuwa na unga mwekundu wa kutu laini kama pilipili ya kusaga, alama ya chuma kilichosuguana na chuma kwa muda mrefu.

Bapa la pili la upande huo lilikuwa limevunjika katikati, kwenye tundu la senta bolti, mahali ambapo huwezi kupaona mpaka ufungue. Sehemu kubwa ya jeraha ilikuwa nyeusi kwa kutu ya zamani, na kipande chembamba pembeni kiling'aa kijivu kama chumvi ya mawe. Maana yake ni kwamba ufa ulianza siku nyingi na chuma kilimalizikia juzi tu. Kwa mabapa yaliyobaki mzee alitumia njia ambayo sikuwahi kuiona: aliyasugua kwa brashi ya waya, akayapaka mafuta ya taa, akasubiri, akayafuta yakauka, kisha akapaka chaki. Baada ya dakika chache, kwenye bapa kuu lililoonekana zima kabisa, mstari mwembamba wa unyevu ulijitokeza juu ya weupe wa chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yalikuwa yakitoka. Bapa hilo halikurudi kwenye gari.

Sasa nieleze kuhusu yale mabapa mawili, kwa sababu ndiyo chanzo cha karibu yote. Mabapa ya asili yalikuwa na unene wa milimita 7, na yaliyoongezwa milimita 9. Macho huona tofauti ndogo, lakini ugumu wa bapa hupanda kwa unene ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe: 9 mara 9 mara 9 ni 729, na 7 mara 7 mara 7 ni 343. Kwa hiyo, kwa urefu na upana uleule, bapa moja la milimita 9 lina ugumu unaozidi wa mabapa mawili ya milimita 7. Zaidi ya hapo, mkunjo wake haukulingana na wa wenzake. Katika fungu lililopangwa vizuri, kila bapa fupi huwa limekunjwa kidogo zaidi ya lile lililo juu yake, ili yakibanwa yagusane kwa urefu wote na kugawana mzigo. Haya yalikuwa yakigusa kwa ncha tu, na ncha zilikuwa zimechimba mifereji kwenye bapa la juu.

Ugumu huo ndio uliolaza breki. Kati ya chesisi na ekseli ya nyuma ya gari hili kuna fito nyembamba iliyounganishwa na valvu ya breki. Gari likiwa tupu, chesisi hukaa juu na valvu hupunguza mgandamizo unaokwenda nyuma ili magurudumu yasijifunge. Likipakiwa, chesisi hushuka, fito husukuma valvu, na breki za nyuma hupata nguvu. Gari langu liliinuliwa, tena likafanywa lisishuke hata likiwa na kilo 800 za kabichi, kwa hiyo valvu iliamini siku zote kwamba sijabeba kitu. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nimezungumza na wenye magari ya aina hii ambao wameongeza mabapa na hawajui hata kwamba fito hiyo ipo.

Shakeli ndefu zilieleza mtetemo. Shakeli iliyorefushwa kwa milimita 50 huinua gari kwa takriban milimita 25 tu, kwa kuwa ekseli iko karibu na katikati ya springi, lakini papo hapo huizungusha ekseli na kuielekeza juu pinioni ya difu (pale shafti inapoungana na ekseli). Pembe za krosi mbili za shafti zikiacha kulingana, shafti huzunguka kwa kusitasita, na krosi mpya haziwezi kuponya hilo. Wapo wanaosahihisha kwa kabari kati ya springi na ekseli, upande mnene ukielekea mbele. Mimi nilichagua kurudisha shakeli za urefu wa asili.

Mzee aliyakunja upya mabapa mazima kwa nyundo bila moto, akakataa kabisa ombi la kijana mmoja aliyetaka kuchomelea kibanio kwenye bapa, maana chuma cha springi kikipata moto wa kuchomelea hupoteza uimara wake na kuvunjika pembeni mwa mchomeleo. Tuliweka bapa kuu na la pili jipya pande zote mbili, tukaongeza bapa moja tu lenye unene wa milimita 7 na mkunjo unaolingana, tukafunga senta bolti na yubolti mpya zenye urefu unaotosha. Bolti za bushi (raba zilizo ndani ya macho ya springi) tulizikaza mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwa sababu raba ikikazwa huku ekseli inaning'inia hubaki imejinyonga na huchanika mapema. Kisha tulirekebisha fito ya valvu na kuijaribu breki uwanjani kwenye changarawe, mwendo mdogo, gari tupu: magurudumu ya mbele yalijifunga kabla ya yale ya nyuma, kama inavyotakiwa.

Sasa Hilux inainama ninapoipakia. Tofauti ya kushoto na kulia ni milimita 4, na umbali wa habu kwa habu unalingana. Baada ya kilomita 300 niliingia tena chini na spana. Nati tatu kati ya nane za yubolti zilikubali robo mzunguko. Nilizikaza, nikachora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye kila nati hadi kwenye bamba lake, na kila Jumapili kabla ya safari ya Mgeta ninapiga magoti na kuitazama mistari hiyo minane kwa tochi.