Mwanza au Dar? Mjadala wa nyumba yetu, kutoka mwisho wa reli

Kuhama tunahama, hilo lilishaisha zamani. Mume wangu ni fundi friji na AC, mi nauza dagaa na mawese, tunakaa Gungu hapa Kigoma, hatuna mtoto bado na kila mtu anatuambia huu ndo muda, mkishapata watoto wawili na shule zikaanza hamtoki tena. Kilichobaki ilikuwa wapi. Na hapo ndo vita ilipoanza maana mi nilikuwa upande wa Mwanza, yeye upande wa Dar.

Na wewe unayebishana na mwenzio kama sisi, nakushauri usianze kwa kuuliza watu mji gani mzuri. Mtu atakusifia mji uliomtoa na kuuponda uliomshinda, basi. Wifi yangu yuko Mbagala miaka mingi, kwake Dar ndo dunia na huko kwingine kote ni kijijini. Kaka yangu yuko Buhongwa kule Mwanza, ukimtajia Dar anakuuliza mnaenda kufanya nini kwenye joto lile na foleni zile, kuna mtu kawafukuza? Wote wanasema kweli kabisa ila hakuna hata mmoja aliyeniuliza we dagaa wako utamuuzia nani.

Niseme kwanza kwa nini nilikuwa naitaka Mwanza, maana sababu zangu hazikuwa za kitoto. Ni karibu na nyumbani. Barabara ya Kasulu, Kibondo, Kakonko mpaka Nyakanazi siyo ile ya vumbi tuliyoijua, ile ukishuka mama yako mwenyewe anakusalimia kama mgeni. Halafu ukipitia Geita kulikuwa na ile adha ya kivuko pale Busisi, basi linapanga foleni, abiria mnashuka, mnanunua sato wa kukaanga, mnasubiri, mnapanda tena. Tangu Juni 19, 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilometa 3 juu ya maji unapita dakika chache tu. Mama yangu kwikwi ikimshika usiku mi asubuhi naingia kwenye basi na jioni nimefika. Kutoka Dar hilo halipo, labda uwe na hela ya ndege.

Na mji wenyewe naupenda. Una ziwa, japo siyo letu. Una milima na yale mawe, nyumba zimepandiana juu mpaka unajiuliza huyu kabati lake lilipandaje huko. Nyumba tulizoonyeshwa Buhongwa na Mkolani, chumba na sebule, choo ndani, bei mtu unaweza kuongea, na mwenye nyumba mmoja alikubali kodi ya miezi mitatu bila kununa. Kiswahili chao cha taratibu, hawakukimbizi dukani. Ukitoka Nyegezi mpaka mjini kati hujazeeka njiani.

Kuna moja tu ambalo watu hawalisemi wakikushauri Mwanza. Bugando, ile hospitali kubwa ya rufaa. Mgonjwa wa huku kwetu akishindikana mara nyingi anapelekwa Bugando, na mgonjwa wa Kigoma haendi peke yake, anaenda na dada yake, na shangazi, na kijana wa kubeba mizigo. Wote hao wanalala wapi? Kaka yangu sebule yake haijawahi kukosa godoro chini tangu ahamie. Sisemi ni vibaya, ndugu ni ndugu, na kesho ni mimi. Nasema tu ukipanga bajeti ya Mwanza na wewe ni wa Kigoma, weka na unga wa wageni.

Sasa mume wangu. Huyu mtu haongei sana ila akishika hoja haachii. Siku moja tunakula kaniuliza hivi, Mwanza usiku si mnajifunika blanketi? Nikamwambia ndio, raha tupu. Akasema ile raha yako ndo njaa yangu. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, kule kuna hewa, nani atafunga AC chumbani? Mahotelini sawa, benki sawa, maofisi, na hizo kazi zina mafundi wake tayari wanaojuana. Dar mtu amepanga chumba na sebule na ana AC ya mkopo, Desemba mpaka Machi simu ya fundi haizimwi. Kuosha, kujaza gesi, kubadilisha kapasita, kuhamisha ya mtu aliyehama. Kazi ndogo ndogo za kila siku ndo zinalipa kodi, siyo tenda kubwa moja kwa mwaka.

Nikamtupia viwanda vya samaki. Si kuna viwanda vya minofu ya sangara, vile vinataka vyumba vya baridi na barafu saa ishirini na nne? Akasema vinataka, ila sangara walivyopungua ziwani viwanda vingine vilifungwa na vilivyobaki haviajiri ovyo, atakuwa kibarua wa kuitwa. Na ni kweli, alipiga simu kwa mafundi wenzake wa kule wakamwambia hivyohivyo.

Hapa Kigoma umeme ndo umemlisha, tuseme ukweli. Mji ulikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, tunaishi kwa majenereta, unakatika unarudi kwa nguvu, kompresa za watu zinakufa, yeye anaitwa. Nikamtania kwamba sasa mambo yanatulia ndo anakimbia.

Akanirudishia swali la dagaa na hapo ndo nilianza kukosa pa kushika. Mwanza ina dagaa wake. Wengi, wa bei ya chini, na watu wamewazoea, hata kama sisi wa Kigoma tunawasema kwamba ukitafuna unasikia mchanga. We uende na dagaa wa Kibirizi, mwalo wetu hapa Kigoma, wale weupe wasafi walioanikwa vizuri, uwatajie bei yetu, mtu anakuangalia anacheka. Anakununulia kidogo wa mgeni, basi. Wakati Dar dagaa wa Kigoma ni jina, mtu anauliza kabisa ni wa Kigoma wa kweli? na akijiridhisha analipa. Wateja wangu wa stetasi za WhatsApp karibu wote wako Dar, sikuwahi kukaa nikalifikiria hilo, naona tu oda Tabata, oda Temeke, oda Kinyerezi. Mawese hivyohivyo. Dar imejaa watu wa huku, Waha, Wamanyema wa tangu enzi za babu pale Kariakoo, Wabembe, Wakongo, wote wanataka mawese mekundu ya nyumbani na siyo yale ya kuchanganywa.

Afu akaleta sensa. Ya 2022, Dar watu 5,383,728, Mwanza 3,699,872. Nikamwambia tofauti siyo kubwa kihivyo. Akasema soma vizuri, hiyo ya Mwanza ni mkoa mzima, humo kuna Ukerewe, Kwimba, Magu, Sengerema, watu wanaolima na kuvua, ila Dar karibu yote ni mji, kila mtu anakula cha kununua. Nilikaa kimya nikaosha vyombo.

Ila nisimpe ushindi wa bure maana Dar ina mambo yake na mi nilienda nikayaona kwa macho. Kodi ni miezi sita, wengine wanataka mwaka. Dalali anachukua mwezi mmoja wake, na kabla ya hapo anadai hela ya kukuonyesha tu, hata nyumba ikiwa banda. Kuna mmoja alituzungusha juani mpaka mchana, nyumba ya mwisho ilikuwa haina mlango wa choo, akasema huo mtaweka wenyewe mtakatana kwenye kodi. Sisi hela tuliyonayo inatosha kuhama mara moja. Yaani tukilipa miezi sita sehemu mbaya ndo tumekwama hapohapo, hakuna ya kurudia.

Na Dar siyo mji mmoja. Hili ndo wifi yangu hawezi kulielewa kwa sababu kwake Dar ni Mbagala. Ukisikia kodi rahisi ujue ni Chanika, Kivule, Mbondole huko ndani, na fundi anayebeba mtungi wa gesi na vitendea kazi vyake atafika Masaki saa ngapi? Daladala mbili na bajaji, nauli ya kwenda na kurudi, ukijumlisha mwezi mzima unakuta ile nafuu ya kodi imeliwa na barabara. Mtu anajisifu analipa elfu sitini ya chumba huku analala saa tano za usiku anaamka saa tisa. Tukakubaliana kwamba tusitafute nyumba ya bei rahisi, tutafute njia rahisi, nyumba itafuata. Kwa hiyo tukafuta maeneo yote yasiyo na usafiri wa kueleweka. Kimara iko kwenye mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake, tangu 2016 ila kodi za karibu na barabara zimeshapanda. Mbagala sa hivi mwendokasi imefika, na ukiwa Temeke uko karibu na Kariakoo ambako mi nina biashara na yeye ananunua spea. Basi wifi kashinda bila kujua kwa nini.

Mzigo utafikaje, hilo lilinisumbua kuliko kodi. Reli ya kati ilifika Kigoma 1914 na mpaka leo bado inatubeba, kilometa zaidi ya 1,200 mpaka Dar, ila treni ile ina mambo yake, dagaa hawaharibiki lakini mteja anaharibika. Basi linabeba haraka ila linatoza kwa gunia. Sisi wenyewe tukisafiri tunashuka Dodoma tunaingia SGR, ile treni mpya ya umeme, tangu 2024 inafanya kazi mpaka Dar, jioni uko Dar na mgongo wako mzima. Kipande cha Tabora–Kigoma cha kilometa 506 kikikamilika nitakuwa tajiri, ila sipangi maisha kwa reli ambayo haijafika.

Na kuna ziwa kufungwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimama Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane, na mi nilikuwa natazama tu chanja tupu. Hata miezi ya kawaida sisi tunaishi kwa mwezi wa juu, mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi ya taa haitoki, giza likirudi ndo hela inarudi. Nikiwa Dar bila mtu wa kuninunulia huku wakati wa giza na kuweka akiba kavu ya kutosha kabla ziwa halijafungwa, nitakuwa nauza story. Hii hoja ndo iliyokuwa inanivuta Mwanza mpaka mwisho, nikae karibu na Kibirizi. Ila ukifikiria, hata Mwanza siyo karibu na Kibirizi. Ni mbali kidogo kuliko mbali.

Basi ni Dar. Mpango wa kwanza ulikuwa yeye atangulie, akae kwa wifi, mi nibaki natuma mzigo mpaka ashike wateja. Ulikuwa mpango mzuri kihesabu. Mama mkwe akatuita Kasulu, akatukaribisha ugali wa muhogo na mgebuka, tulipomaliza kula akasema mwanangu, ndoa changa hamuigawi kwa basi. Hakupandisha sauti. Mume wangu akaangalia chini, nikajua imeisha hiyo.

Kwa hiyo tunaondoka wote, baada ya ziwa kufunguliwa na mi kupata mzigo wa kwanza wa giza. Tunauza kitanda na kabati, friji haiuzwi, fundi amekataa. Mdogo wangu wa kike ndo atakuwa ananunua Kibirizi, anawaanika, anafunga, anatuma, na tumepatana alipwe kwa kilo na siyo kwa mwezi ili asilale. Alikubali haraka nikashangaa. Jana kanipigia kuuliza kama kwenye kila gunia la kwangu anaweza kuweka na kilo tano zake, nauli juu yangu, na mimi nimuuzie hukohuko. Nimemwambia tatu, na nauli achangie.