Jinsi nilivyopata usingizi huku masikio yakilia
Nina ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe. Naishi Connecticut, jimbo la Marekani lenye mji wa Lyme ulioupa ugonjwa huu jina, na kupe wa huku hawana adabu. Katikati ya matibabu marefu masikio yakaanza kulia kama nyenje, usiku ndiyo balaa. Daktari aliyapima, kisha akapitia dawa zangu zote. Aspirini ya maumivu ya viungo, kwa dozi kubwa, huweza kuleta mlio, akaibadilisha. Ukapungua, haukuisha.

Kilichonilaza ni feni. Kwenye ukimya mtupu ubongo huusaka mlio. Ukiwa na sauti nyingine ya kusikiliza, huulegeza. Cha muhimu ni kiasi: mvumo wa feni uwe chini kidogo ya mlio, usiufunike kabisa, ili uuzoee. Spika za masikioni nilizikataa, zinaumiza ukilalia ubavu. Siku hizi mchana siusikii, ila nikichoka.