Kitana cha mwanafunzi

Leo alasiri, hapa Chake Chake, nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu wa fizikia jinsi kiini cha atomu kinachozunguka kwa kasi mno kinavyoweza kurefuka, hata urefu wake ukakaribia mara mbili ya upana, mfano wa tende.

Nikawachorea grafu ya nishati za mionzi ya gama (mwanga wenye nguvu mno usioonekana kwa macho) itokayo kwenye kiini cha namna hiyo, cha metali iitwayo disprosiamu-152, iliyopimwa Daresbury, Uingereza, na kutangazwa mwaka 1986: mistari 19 yenye nafasi karibu sawasawa, kila mmoja ukiwa hatua moja ya kiini kupunguza mzunguko wake.

Binti wa dawati la nyuma akachomoa kitana mkobani, akakiinua.

“Mwalimu, si kama hiki?”

Nikabaki na chaki mkononi. (Miaka yote nahangaika na mfano wa ngazi!)

Jamani, nyinyi mngewapa mfano gani?